Sinema za Mambo ya Kweli: Mtazamaji Naye ni Shahidi

Jua linapozama nyuma ya Jebel Kujur na kelele za Suk Libya zikaanza kupungua, mtaa wa Munuki hapa Juba huingia katika shughuli yake ya jioni. Jenereta huwashwa, viti vya plastiki hupangwa, na mabanda ya video hujaa watu. Wengi wao hufuata mpira wa Uingereza. Wengine hufuata michezo ya Nigeria, ama sinema za mapigano ambazo wasimulizi wa Kampala huzifasiri kwa Kiganda kwa mbwembwe nyingi. Lakini wako pia, na miongoni mwao wamo askari waliomaliza zamu, ambao hupendelea sinema zisizo na waigizaji. Hizo ni sinema za kumbukumbu, zinazosimulia vita vilivyopiganwa kweli, wanyama walio hai porini na watu wenye majina yao halisi. Hutazamwa katika televisheni, na siku hizi hata katika simu, kijana mmoja akiishika na wenzake wanne wakiinamia bega lake.

Sinema za namna hiyo zina desturi moja: haziishi pale zinapokwisha. Ubishi ndipo huanza. Mmoja atasema kwamba ameona kwa macho yake, na kilichoonekana kwa macho hakina mjadala. Wa pili atajibu kwamba hayo yote ni maneno ya wageni waliokuja kwa ndege, wakakaa wiki mbili, kisha wakaondoka na sifa. Wa tatu, ambaye huenda alikuwapo siku ile na mahali pale, hunyamaza. Na mara nyingi ni huyo wa tatu ambaye maoni yake yangefaa zaidi kusikika.

Sudan Kusini ni nchi iliyopigwa picha na watu wengi kabla haijapata nafasi ya kujipiga picha yenyewe. Vijana waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia na baadaye wakafika kambi ya Kakuma nchini Kenya walitengenezewa sinema mbili mashuhuri huko Marekani: "Lost Boys of Sudan" ya mwaka 2003 na "God Grew Tired of Us" ya mwaka 2006. Wengine wa rika hilo hilo hawakwenda Marekani. Walibaki wakabeba bunduki. Wao wamekuwa watazamaji wa habari inayowahusu. Je, mtazamaji wa aina hiyo ana haki gani? Na akikasirishwa na alichokiona, ajibu kwa njia gani? Maswali haya si ya mchezo kwa mtu ambaye kazi yake ni kushika silaha.

PICHA SI DIRISHA

Haina budi kwanza ieleweke kwamba sinema ya kumbukumbu si dirisha ambalo mtu huchungulia na kuyaona mambo kama yalivyo. Ni kazi ya mikono. Mpiga picha huchagua mahali pa kusimama, na anapoielekeza kamera yake mashariki, magharibi haipo tena. Arudipo kwao huwa na picha za saa nyingi mno, naye mhariri huzipunguza hadi saa moja na nusu. Katika kupunguza huko, jibu lililotolewa Jumatatu laweza kubandikwa kwenye swali la Alhamisi, na muziki wa huzuni ukawekwa juu ya uso wa mtu ambaye siku ile alikuwa anasinzia tu.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa sinema iitwayo "Nanook of the North", juu ya maisha ya Wainuiti wa kaskazini ya Kanada, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mababu wa sinema za kumbukumbu. Katika sinema hiyo wawindaji wanaonekana wakitumia vyusa vya kale, ilhali wakati huo walikwisha kuzoea bunduki. Nyumba ya theluji inayoonyeshwa ilijengwa kwa ajili ya kamera, ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Hata jina la Nanook halikuwa jina la mtu yule.

Mifululizo ya siku hizi nayo haikusalimika. Mnamo Desemba 2011 watazamaji wa Uingereza walilalamika walipotambua kwamba watoto wa dubu walioonyeshwa wakizaliwa chini ya theluji, katika mfululizo maarufu wa BBC uitwao "Frozen Planet", walikuwa wamepigwa picha katika bustani ya wanyama nchini Uholanzi. BBC ilieleza kwamba kuingia katika pango la dubu wa porini kungehatarisha maisha ya mpiga picha na ya watoto wenyewe, na kwamba habari hiyo haikufichwa. Maelezo hayo yana maana. Lakini malalamiko nayo yalikuwa na maana, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba anatazama pori ana haki ya kujua kama anatazama pori kweli.

Kwa hiyo yule anayesema kwamba kilichoonekana hakina mjadala amekosea. Lakini yule anayesema kwamba yote ni uongo amekosea vile vile. Dubu hazai chini ya theluji kwa sababu BBC wametaka; huzaa hivyo kweli. Tatizo huwa katika namna ya kusimulia, na hapo ndipo mtazamaji mwenye busara hulenga jicho lake.

LIRA, MACHI 2012

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni ule wa sinema iitwayo "Kony 2012". Jina la Joseph Kony wananchi wa Ikweta hawakufundishwa na sinema. Waliwajua wapiganaji wake wa LRA vijijini mwao na barabarani. Ni hapa Juba ndipo mazungumzo ya amani kati ya LRA na serikali ya Uganda yalipoanza Julai 2006, na mwaka 2008 Kony alishindwa kufika Ri-Kwangba kutia sahihi. Mnamo Desemba mwaka huo jeshi la Uganda likashambulia kambi zake katika msitu wa Garamba nchini Kongo.

Sinema hiyo ilitolewa Machi 2012 na shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children. Ilikuwa ya dakika 30 hivi, na katika siku 6 tu ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Lengo lake lilikuwa kulifanya jina la Kony lijulikane duniani kote ili akamatwe kabla mwaka haujaisha.

Tarehe 13 Machi, shirika la vijana la AYINET, lililoongozwa na Victor Ochen, liliionyesha sinema hiyo hadharani katika mji wa Lira, kaskazini ya Uganda. Maelfu ya watu walikuja, na wengine walitoka mbali kwa baiskeli. Miongoni mwao walikuwamo waliopata kutekwa, waliofiwa na waliokatwa viungo. Si mbali na Lira ndipo kilipo Barlonyo, ambako LRA waliua watu zaidi ya 300 katika kambi ya wakimbizi wa ndani mnamo Februari 2004. Watu hao walikuja wakitarajia kwamba hatimaye dunia imesikia habari yao.

Badala yake walimwona Mmarekani akimweleza mtoto wake mdogo habari za mtu mbaya. Waliona vijana wa Marekani wakishangilia. Waliona fulana na mabango yenye jina la Kony, kama vile ni mgombea katika uchaguzi. Manung'uniko yakaanza, yakageuka kelele, kisha mawe yakarushwa. Waandaaji wakasitisha mpango wa kuionyesha mahali pengine. Mwezi uliofuata, sehemu ya pili ya sinema hiyo ilipoonyeshwa mjini Gulu, mawe yakarushwa tena, na polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu.

Tuyapime maoni ya watu wa Lira kwa utulivu. Hawakusema kwamba Kony hakuteka watoto. Wao ndio wazazi wa watoto hao. Walilalamika kwamba vita vilivyokuwa vimekwisha kuondoka kwao tangu karibu mwaka 2006 vilionyeshwa kana kwamba bado vinawaka mlangoni pao. Walilalamika kwamba aliyeumia amewekwa pembeni, na aliyekuja kutazama amewekwa katikati. Tena walilalamika kwamba jina la mkosaji limepambwa kwenye nguo, ilhali jina la marehemu halikutajwa. Huo ni uhakiki kamili wa sinema, nao ulitolewa na wanavijiji ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao kabla ya siku hiyo. Mwaka 2012 ukapita bila Kony kukamatwa, na mnamo Aprili 2017 Marekani na Uganda zikaukomesha msako wao.

Kwa ndugu zetu wa polisi kuna funzo la ziada. Kundi la watu wenye majonzi si kundi la wahuni, hata kama mikono yao imeshika mawe. Askari anayetumwa kulinda onyesho la namna hiyo inafaa ajue mapema ni nini kitakachoonyeshwa na ni nani watakaokaa mbele, kwa maana kidonda kilichofunuliwa ghafla huwa na ukali wake.

MWANZA NA MAPANKI

Upande wa kusini, katika mji wa Mwanza nchini Tanzania, ubishi ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa sinema iitwayo "Darwin's Nightmare" kuhusu biashara ya samaki aina ya sangara katika Ziwa Viktoria. Ilionyesha ndege kubwa za mizigo zikipeleka minofu Ulaya, huku maskini wa Mwanza wakihangaika na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Ilidokeza pia kwamba ndege hizo huja na silaha za vita vya Maziwa Makuu. Sinema hiyo ilisifiwa sana Ulaya, na ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar.

Rais Jakaya Kikwete aliishambulia hadharani katika hotuba aliyoitoa Mwanza mwishoni mwa Julai 2006, na maandamano ya kuipinga yakafuata mjini humo. Hoja ilikuwa nzito: maelfu ya watu waliishi kwa biashara hiyo, na mnunuzi wa Ulaya akichukizwa na picha, mvuvi wa Ukerewe ndiye anayelala njaa. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon naye aliandika kuipinga, akidai miongoni mwa mengine kwamba watoto walilipwa ili waigize. Mtengenezaji alimshtaki kwa kumchafulia jina, na mahakama za Ufaransa zikampa ushindi mtengenezaji huyo mwaka 2008, na tena katika rufani mwaka 2009.

Hata hivyo, ushindi wa mahakamani haukumaliza maswali yote. Mtazamaji makini aliweza kuuliza: silaha zenyewe ziko wapi katika picha? Katika sinema, habari ya silaha hutoka midomoni mwa watu. Kamera haikuonyesha masanduku yake yakishushwa. Huo si ushahidi kwamba hazikuwapo. Lakini mtazamaji inampasa atenganishe alichokiona na alichoambiwa.

Katika sinema hiyo hiyo yumo mtu mmoja ambaye askari hawezi kumsahau. Ni mlinzi wa usiku wa chuo cha uvuvi, aliyepata kuwa mwanajeshi, naye analinda kwa upinde na mishale yenye sumu kwa ujira mdogo sana. Aliyemtangulia katika lindo hilo aliuawa. Mlinzi huyo anaeleza bila kupepesa macho kwamba wapo wanaotamani vita vije, kwa sababu vita huleta ajira jeshini. Mtu anaweza kuubishia mpango mzima wa sinema ile, lakini maneno ya mlinzi yule hayabishiwi kwa urahisi na mtu yeyote aliyewahi kusubiri mshahara uliochelewa.

JENERALI ALIYETAKA SINEMA IKATWE

Tumeona wananchi wakijibu kwa mawe, na serikali ikijibu kwa hotuba. Iko njia ya tatu, nayo ni ile ya Idi Amin. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza sinema juu ya Amin, kwa idhini na msaada wa Amin mwenyewe, aliyeamini kwamba itamtukuza. Akapiga kodiani mbele ya kamera. Akaonyesha mazoezi ya askari wake ya kujifanya wanaiteka milima ya Golan. Akawafokea mawaziri wake katika mkutano, akiwamo waziri wa mambo ya nje, Luteni Kanali Michael Ondoga. Muda mfupi baadaye maiti ya Ondoga ilionekana katika Mto Nile.

Amin alipoletewa toleo fupi aliridhika. Lakini kwa mujibu wa mtengenezaji, wajumbe wake walikwenda London wakalitazama toleo refu na kuandika kila neno. Hapo Amin akataka sehemu ya dakika 2 na nusu ikatwe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda walikusanywa hotelini, jeshi likaizunguka hoteli, nao wakapewa nambari ya simu ya Schroeder. Schroeder akakata. Amin alipoanguka mwaka 1979, sehemu zile zikarudishwa, na leo zinatazamwa na yeyote atakaye.

Tutafakari kidogo juu ya wale askari waliosimama nje ya hoteli. Hawakuwa wakilinda mpaka wala raia. Walikuwa wakilinda dakika 2 na nusu za picha, na hata hizo hawakufanikiwa kuzilinda. Nguvu inaweza kuchelewesha sinema. Haiwezi kuifanya iwe ya uongo kama ni ya kweli, wala ya kweli kama ni ya uongo.

HABARI YA MUKAYA

Sauper yule wa Mwanza alikuja pia Sudan Kusini kwa ndege ndogo aliyoijenga mwenyewe, wakati nchi ilipokuwa ikielekea kwenye uhuru wa 2011. Sinema yake, "We Come as Friends", ilitoka mwaka 2014. Humo imo habari ya Mukaya, katika wilaya ya Lainya, kwenye upande wa barabara ya kutoka Juba kwenda Yei. Mwaka 2008 kampuni moja ya Kimarekani ilipata mkataba wa hekta 600,000 kwa miaka 49, kwa malipo ya pauni 75,000 za Sudan, zilizokuwa kama dola 25,000. Mzee aliyetia sahihi anaonekana katika sinema. Wananchi wa Mukaya wenyewe waliupinga mkataba huo mwaka 2011, wakapeleka malalamiko yao kwa Rais.

Hapa mtazamaji wa Munuki anaweza kusema kwamba mgeni ametuonyesha tukiwa wanyonge. Ni kweli, na ni haki yake kulisema. Lakini karatasi ya Mukaya haikubuniwa na mgeni mwenye kamera. Mwenye sinema kuwa na kasoro hakuondoi ukweli wa hati.

Dawa ya kusimuliwa na wengine ni kusimulia wenyewe. Mwaka 2022 Akuol de Mabior, binti wa marehemu Dakta John Garang, alipeleka katika tamasha la sinema la Berlin kazi yake iitwayo "No Simple Way Home". Inamfuata mama yake, Rebecca Nyandeng, aliyeapishwa kuwa Makamu wa Rais mwezi Februari 2020. Binti anauliza kwa sauti yake mwenyewe kama kweli hapa ni nyumbani, na kama ahadi za ukombozi zimetimizwa. Wako watakaoona kwamba ameuliza kidogo mno kwa sababu anamtazama mama yake mzazi, na wako watakaoona kwamba ameuliza mengi. Lakini ubishi huo ni wa ndani ya nyumba, na mwenye kubisha na mwenye kubishiwa wote wana funguo za mlango.

ASKARI MBELE YA KAMERA

Kuna jambo la mwisho, ambalo haliwahusu askari wakiwa watazamaji, bali wakiwa watazamwa. Mwaka 1966 Waitalia Jacopetti na Prosperi walitoa "Africa Addio", ambamo zimo picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na nyingine za vita vya Kongo. Jacopetti alituhumiwa nchini kwao kwamba mtu mmoja huko Kongo alicheleweshewa risasi ili kamera iwe tayari. Uchunguzi ulifanywa, na hatimaye akaondolewa hatia. Lakini tuhuma yenyewe ni onyo. Askari anayengoja ishara ya mpiga picha amekwisha kuiacha amri ya jeshi lake na kufuata nyingine.

Siku hizi mpiga picha anaweza kuwa askari mwenyewe mwenye simu mfukoni. Mnamo Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda mmoja wa Libya, kwa kutuhumiwa kuwaua watu 33. Sehemu kubwa ya msingi wa hati hiyo ilikuwa picha za video za matukio 7, zilizosambazwa kwa majivuno. Waliozipiga walidhani wanatengeneza sifa; kumbe wanatengeneza ushahidi.

MASWALI MANNE

Basi ndugu askari, utakapoketi tena kutazama sinema ya mambo ya kweli, katika banda la Munuki ama kambini, jiulize maswali manne. La kwanza: nani ameishika kamera, na kwa fedha za nani? La pili: nani anasema, na nani anasemewa? La tatu: nimekiona kwa macho, ama nimeambiwa tu huku nikionyeshwa kitu kingine? La nne: mambo haya yalitokea lini, na yamepangwa kwa utaratibu uleule yalivyotokea?

Ukiisha kujiuliza, sema. Kama ulikuwapo, sema ulichokiona, pamoja na kile kisichokupa sifa, kwani ushahidi wa upande mmoja ndio hasa unaoulaumu katika sinema za wageni. Andika, ama msimulie anayeweza kuandika. Wanaume na wanawake waliokuwapo wanazidi kuzeeka, na baadhi yao wamekwisha kuondoka. Picha zilizopigwa na wageni zitabaki, na wajukuu watazitazama. Hapo mtoto atageuka nyuma na kuuliza kama ndivyo ilivyokuwa, na isifae akakuta kiti cha yule shahidi wa tatu kiko tupu.